Sanduku la kaseti za baba mdogo: shajara ya mradi wa muziki wa zamani wa Lubumbashi

Jumamosi, 12 Aprili

Leo sanduku limefika kwangu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Ni sanduku la chuma, la kijani, kama yale ambayo wafanyakazi wa kampuni ya madini, Gécamines, walikuwa wakiwekea nguo. Kufuli tumelivunja kwa nyundo. Baba mdogo alitutoka mwezi wa pili, na shangazi alipotuambia kila mtu achague kitu cha ukumbusho, mmoja akachukua baiskeli, mwingine koti la baridi. Mimi niliomba sanduku, kwa sababu tangu utotoni nilijua kuna nini ndani yake.

Nimehesabu mara mbili: kaseti 87 na santuri 14, zile nzito za zamani. Daftari moja la shule pia limo, lakini mchwa wamekula nusu yake. Kaseti zenye maandishi ni 31 tu. Nyingine ziko wazi kabisa, au zimeandikwa neno moja: «nzuri», «ya usiku», «usifute».

Kazi niliyojipa ni kuhamisha sauti zote kwenye kompyuta kabla mvua za Novemba hazijarudi, na kuandika orodha ambayo mtu mwingine ataweza kuisoma hata nikiwa sipo. Binamu yangu anatengeneza redio kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, hivyo yeye ndiye fundi na mimi ni karani. Nimechora jedwali lenye safu nne: mwimbaji, wimbo, mwaka, hali ya kitu chenyewe. Kwa leo inatosha.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya misa tumejaribu santuri ya kwanza na nimeumia moyoni.

Mashine tuliyoazima ilikuwa ya santuri kubwa za miaka ya 1970. Tulipoiweka ile ya zamani ikatoa sauti nyembamba ya kukwaruza, kama mtu anayechambua mchele juu ya bati, na gitaa liko mbali nyuma ya kelele. Tukarudia mara tatu kabla binamu hajainua mkono wa mashine na kuitazama sindano kwa kioo cha kukuzia. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zina mfereji mpana, zinahitaji sindano yenye ncha ya mikroni 75 hivi. Sindano yetu ilikuwa ya mikroni 25. Ilikuwa inaburuzika chini kabisa ya mfereji, mahali ambapo vumbi la miaka 70 limelala, huku muziki wenyewe uko kwenye kuta za mfereji, juu zaidi. Mara zile tatu huenda tumeongeza mikwaruzo ambayo haikuwepo.

Nimeandika kwenye safu ya hali: «imechezwa vibaya mara tatu, kosa letu». Ni lazima iandikwe, maana atakayesikia ule mkwaruzo kesho atadhani ni wa mwaka 1955.

Kila upande wa santuri hizi unachukua dakika tatu hivi. Ndiyo maana nyimbo za wakati ule zinaanza bila kuzunguka na zinakatika kama mlango uliofungwa. Mpigaji aliyezoea kupiga usiku mzima kwenye baraza la baa alilazimika kuubana wimbo wake uingie ndani ya dakika tatu. Tunaposema «wimbo wa zamani ni mfupi» tunaisema santuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Sindano imepatikana kwa mzee mmoja wa Likasi, kwa bei ya mbuzi wawili. Nimelipa.

Wiki nzima nimekuwa napanga majina, nikagundua kwamba katika mji huu majina yenyewe ni kalenda. Lebo ikisema Élisabethville, ni ya kabla ya 1966. Ikisema Lubumbashi lakini mkoa ni Katanga, iko kati ya 1966 na 1971. Ikisema Shaba, ni wakati wa Zaïre. Likasi nayo ilikuwa Jadotville. Tena mwaka 1972 watu waliambiwa waache majina ya ubatizo, kwa hiyo mpiga gitaa mmoja anatokea kwenye sanduku kama watu watatu: Mwenda Jean Bosco, Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Mara ya kwanza nilimpa mistari mitatu tofauti kwenye orodha yangu.

Jumapili, 4 Mei

Siku kubwa. Nitaandika kwa urefu.

Kuna tata mmoja, mzee wa mtaa wa Kamalondo, aliyefanya kazi na baba mdogo. Ana miaka 84, macho yamechoka lakini masikio ni ya kijana. Nimemletea kompyuta na spika ndogo, nikamwekea santuri namba 3 ambayo lebo yake imefutika. Sikumwambia kitu. Gitaa lilipoingia, kabla sauti ya mtu haijatokea, akanyoosha mkono.

«Mutoto, simamisha. Ile ni Bosco. Ule muntu alikuwa anapiga na bidole bibili tu, kile kikubwa na kile cha kuonyesha. Batu ba mbali balisema iko gitaa mbili. Haiko mbili. Ni moja.»

Akaomba gitaa la mjukuu wake. Vidole vyake vimekakamaa, hakuweza kufika mbali, lakini alinionyesha kazi ya kila kidole. Kidole gumba kinatembea chini, kwenye nyuzi nene, pigo kwa pigo, kama mtu anayetwanga. Cha pili kinaimba juu, na hakiimbi pale gumba linapotua, kinaingia kwenye nafasi katikati. Ukivisikia pamoja unaapa kuna watu wawili wanaojibizana. «Kama weye unahesabia kile kya yulu, utapotea,» akasema. «Hesabia kile kya chini, kya yulu kitakuya chenyewe.» Nimejaribu jioni hii nzima. Bado hakijaja.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 upande wa Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Kwa wasomaji wa Tanzania hili ni jambo la nyumbani: Bayeke wa Msiri walitoka Unyamwezi na Usumbwa karne ya 19 wakifuata biashara ya shaba na pembe, wakatulia Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini na kuzunguka na gari la kurekodia, alimkuta Jadotville akipiga gitaa, akamrekodi. Kati ya nyimbo za siku zile ni «Masanga». Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikaziuza kwa lebo ya Gallotone, na kijana wa Katanga anayeimba kwa Kiswahili cha kwetu akasikika kutoka Afrika Kusini mpaka Nairobi. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Rekodi asili za Tracey zinatunzwa Makhanda, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Nashukuru zipo, kwa sababu kama zingebaki kwetu, na vita na uporaji tulioupita, sijui nini kingesalia. Lakini inaniuma pia kwamba mtoto wa Lubumbashi anayetaka kusikia sauti ya kwanza ya gitaa la mji wake lazima atazame kusini, mwendo wa siku kadhaa kwa barabara. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alifunga safari kuja huku kujifunza kwa Mwenda mwenyewe, kwa Edouard Masengo na kwa Losta Abelo. Alikaa nao, akatazama vidole vyao. Mimi nilizaliwa kilomita chache kutoka pale na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuonyeshwa.

Nikamuuliza tata wimbo ule ni wa mwaka gani. Akanitazama kama nimeuliza bei ya hewa. «Mwaka? Nilisikia ile minyimbo pa Kamalondo, kwa baa ya Mugiriki, nyuma ya soko. Nilikuwa na viatu vipya.»

Sikuwa na safu ya viatu vipya. Nimeandika pembeni kwa penseli.

Jumamosi, 17 Mei

Mambo ya mashine, kwa kifupi. Delestaji, yaani mgao wa umeme, usiku nne kati ya saba, kwa hiyo tunahamisha sauti kuanzia saa sita za usiku mpaka alfajiri umeme ukiwepo. Kaseti tisa zimeota ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Binamu anazifungua, anapangusa kwa pamba yenye spiriti, anahamishia utepe kwenye ganda jipya. Sita zilikuwa zimepoteza kile kipande cha sufi kinachosukuma utepe dhidi ya kichwa cha kusomea, sauti inazama na kuibuka kama mtu anayekunywa maji mtoni. Tumekata sufi kutoka kofia ya zamani, ikafaa.

Tunarekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, ambayo inakula takriban gigabaiti mbili kwa kila saa moja. Diski ya kwanza itajaa mapema kuliko nilivyopanga.

Jumapili, 1 Juni

Baridi imeanza. Mama mmoja wa mtaa wa Kenya amenipokea jikoni, karibu na mbabula, lile jiko la makaa, na kitenge mabegani. Nilimpelekea santuri mbili za JECOKE.

Huko nje watu wakisikia «Kenya» wanafikiri nchi. Kwetu ni mtaa wa Lubumbashi, na JECOKE ni kifupi cha jina la Kifaransa la vijana wachekeshaji wa mtaa huo. Waliimba kwa sauti kadhaa pamoja, wakacheza, wakaigiza, kwa mtindo uliopanda kutoka Afrika Kusini na Rhodesia. Masengo alirekodi nao, na alikuwa ndugu wa Mwenda.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja. Kisha akaniambia jambo ambalo limenigeuza. Akasema sisi vijana tunadhani muziki wa mji huu ulitoka Kinshasa. «Ile ya Léo ilikuya nyuma. Ya kwanza ilikuya na treni.» Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, nayo ilitoka kusini, kutoka Rhodesia. Njia ya reli ya kwenda Ilebo, ambako mtu angepanda boti mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, haikuwa tayari mpaka 1928. Kwa miaka 18 mji wetu ulikuwa umeegemea kusini: unga wa mahindi ulitoka huko, pamoja na nguo na makarani waliojua Kiingereza. Gitaa pia, na baadaye santuri za Gallotone.

Kulikuwa pia na mbeni. Ngoma hii ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi za wazungu, na vyeo vyake: kingi, jenerali, daktari. Vita vya kwanza vya dunia viliisambaza na wapagazi na askari, na ikafika kwenye makambi ya kampuni ya madini, Union Minière. Babu yake huyu mama alikuwa na cheo ndani ya mbeni. Mchana alisukuma vigari vya madini na jina lake lilikuwa namba. Jumapili alivaa kanzu nyeupe na mkanda, akaitwa jenerali. Alipokufa, akasema mama, wenzake walimzika kwa paredi.

Ninasikia watu wakisema mbeni ilikuwa kuiga wazungu tu. Sikubaliani. Mtu aliyenyang'anywa jina siku sita na kulichukua tena siku ya saba hakuwa anaiga.

Nikauliza mwaka wa santuri ya pili. «Sasa mwaka nitayulia wapi? Ilikuwa ku ndoa ya yaya yangu. Mvua ikanyesha, tukacheza ndani.» Usiku huu nimefungua jedwali na kuongeza safu ya tano: ilisikilizwa wapi, na nani. Nimerudi kwa tata wa Kamalondo kwenye karatasi, nikahamisha viatu vipya kutoka pembeni hadi mahali pake.

Jumamosi, 14 Juni

Kaseti iliyoandikwa «usifute» ni kwaya. Saa nzima ya Kilatini, na nyuma yake ngoma.

Nimekaa nayo siku mbili na kuuliza kwa waimbaji wa parokia tatu. Upande wa kwanza ni Missa Luba, misa iliyotengenezwa Kamina na padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na walimu na watoto wa shule waliojiita Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliiimba Ulaya. Jina la padre liko kwenye kila ganda, lakini tungo zenyewe zilijengwa na waimbaji, kwa jinsi za kuimba za Kiluba walizokua nazo, na kila mmoja akiongeza chake papo hapo. Mzee mmoja wa kwaya aliniambia: Kyrie ile ukiisikiliza vizuri ni kilio cha nyumbani. Akaiimba bila maneno ya misa, na nywele zangu zikasimama.

Upande wa pili sikuujua. Wazee wanasema ni kazi za Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi wa Élisabethville. Jina lake linatamkwa kwa sauti ya chini hapa, kwa sababu alitunga pia wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960, na alikuwa waziri wa elimu katika serikali ile kabla ya kufariki mwaka 1961. Ndani ya familia moja unakuta anayemlilia na anayekataa kumsikia. Nimeandika yote kwenye safu ya tano bila kupunguza. Mzee mmoja alikataa kuisikiliza kaseti hiyo. Hilo nalo nimeliandika.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Mji una kelele ya bendera na bia. Sisi tumejifungia na kaseti zile zilizoandikwa «ya usiku», ziko 11.

Hizi si nakala za santuri. Baba mdogo alizirekodi kutoka redio, usiku, kwenye masafa mafupi, kwa kuweka kinasa mbele ya spika. Unasikia mbwa wa jirani na mlango unaofungwa. Mara moja shangazi anauliza kama atakula bukari, yaani ugali, au hapana. Kisha sauti inaelea, inapotea, inarudi: «Hii ni Redio Tanzania, Dar es Salaam.» Na inaanza kupigwa bendi ya watoto wa kwetu.

Binamu akaacha kazi, akakaa chini.

Waliondoka miaka ya 1970, wengi wao. Baba Gaston alitoka Lubumbashi na bendi yake ya Baba National, mwaka 1971 akawa Dar es Salaam, mwaka 1975 akahamia Nairobi. Wanamuziki wake waliojitenga mwaka 1976 wakaunda Les Mangelepa. Orchestra Maquis ilianzia Kamina, ikatulia Dar es Salaam mwaka 1972. Super Mazembe, jina ambalo mtu wa Lubumbashi akilisikia lazima ageuze kichwa kwa sababu ya klabu yetu ya mpira, TP Mazembe, walipita Zambia wakaingia Nairobi mwaka 1974. Wote hao wanahesabiwa leo kama muziki wa Tanzania na Kenya, na ni haki, kwa sababu walioa huko, walizaa huko, na Kiswahili chao kililainika mpaka kikafanana na cha pwani.

Kwa nini waliondoka? Kinshasa ilikuwa na viwanda vya santuri, studio, na Kilingala ambacho redio ya taifa ilikipenda. Mwanamuziki wa Lubumbashi aliyeimba Kiswahili alikuwa kilomita zaidi ya 1,500 kutoka kwenye studio na chini ya kilomita 100 tu kutoka mpaka wa Zambia. Alifuata njia ileile ya treni, kwa upande wa pili.

Na baba mdogo, aliyebaki, alikaa macho usiku kuwasikiliza wakirudi kwa hewa. Sikujua hili juu yake. Niliishi nyumba moja naye miaka sita.

Safu ya tano, kaseti namba 40: «chumbani, Katuba, baada ya saa nne usiku, peke yake. Shangazi yuko jikoni.»

Jumamosi, 12 Julai

Hakuna karindula hata moja ndani ya sanduku, na hilo limenisumbua. Nilimuuliza shangazi. «Baba yako mudogo alisema ile ni ya ku kilio na ya balevi.» Basi.

Kwa hiyo nimekwenda mwenyewe Ruashi. Karindula ni banjo kubwa kuliko mtoto wa miaka kumi: pipa la mafuta limekatwa, mdomo wake umefungwa ngozi ya mbuzi, limepachikwa shingo ya mti, nyuzi nne. Ina wadogo zake waliotengenezwa kwa makopo. Ngozi inaota moto kwanza ili ikaze. Jua likizama inalegea, wanaisogeza tena karibu na moto katikati ya wimbo. Mpiga pipa anakaa juu ya chombo chake na bezi inaingia kwa miguu kabla haijafika masikioni. Nilikuwa nimesimama mita tano na munkoyo kwenye kikombe ulikuwa unatetemeka.

Wimbo mmoja unaweza kumaliza nusu saa. Hapa hapana mtu wa santuri anayesema dakika tatu. Mwimbaji anamtaja marehemu, wajomba zake, deni aliloacha na mwanamke wa pili ambaye hakualikwa, na watu wanaweka pesa chini kumwomba aendelee au anyamaze. Jina linafanana na kalindula ya Zambia na ndugu hawa wawili bado wanatembeleana kwa mpaka.

Nilirekodi saa mbili na dakika kumi, kwa ruhusa ya wenye kilio. Najua baba mdogo asingependa kaseti zake zikae na hizi katika orodha moja. Nimeamua zikae. Alichagua alichosikiliza, na chaguo lake liko kwenye sanduku; orodha ni ya mji.

Jumamosi, 26 Julai

Hali ya kazi: kaseti 71 zimehamishwa, 9 zinasubiri maganda, 7 utepe umekufa kabisa. Santuri 13 zimehamishwa, moja ilifika imepasuka. Nakala ziko kwenye diski mbili, moja hapa Katuba, nyingine kwa binamu. Rafiki anayefanya kazi na watafiti wa chuo kikuu ameniambia juu ya mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao ulianza mwaka 2000 kukusanya kumbukumbu za wakaaji kwa maneno yao wenyewe. Nimepanga kuwapa nakala ya tatu.

Safu ya mwaka ina matundu mistari 52. Safu ya tano imejaa mistari yote isipokuwa 8.

Jumapili, 3 Agosti

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Asubuhi tulikwenda makaburini kung'oa majani kwa baba mdogo, kama kila mtu mjini. Mchana nyumba zikajaa. Jana jioni, Jumamosi, tukafanya kikao cha kusikiliza, uani kwa yule mama wa Kenya: viti vya kuazima, mbabula mbili, spika kubwa ya binamu, karanga za kuchemsha. Nilitegemea watu 15. Walikuja kama 40, na wengine walibaki barabarani wameegemea ukuta.

Hatukutoa hotuba. Tuliweka santuri namba 3 kwanza. Tata wa Kamalondo alikuwa ameletwa kwa teksi, amevaa kofia ya sufi, akafumba macho. Mzee mwingine akachukua chupa ya bia ya Simba iliyokwisha na msumari, akaanza kuigonga kwa upole, ki-ki-ri-ki, ndani ya nafasi ileile ya kidole cha pili. Sikuwa nimesikia mlio ule kwenye santuri. Umo. Tulirudisha nyuma tukausikia, mdogo, nyuma kabisa ya gitaa, na tata akacheka mpaka akakohoa.

Tulipofika kwenye kaseti za usiku, sauti ya shangazi ikatoka kwenye spika, miaka zaidi ya 40 nyuma, ikiuliza kama atakula bukari. Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Watu wakageuka kumtazama. Akajifunika uso kwa kitenge, kisha akaniita.

«Rudisha.»

Nikarudisha. Akasikiliza akiinamisha kichwa, si muziki, ila kile kinachokuja baada ya swali, pale ambapo mimi nilikuwa nasikia kelele ya masafa tu. «Alijibu,» akasema. «Sikiliza. Alisema ngoja wimbo uishe.»

Binamu akaongeza sauti na tukaisikia wote, nusu ya neno, chini ya Maquis. Nimesahihisha mstari wa kaseti namba 40: «peke yake» nimeifuta.

Shangazi anasema kuna sanduku lingine, Likasi, kwa dada yake. Nakwenda Alhamisi na basi la asubuhi. Sindano ya santuri nimeifunga ndani ya soksi.